Stima Imepotea

Watoto siku hizi wakisema stima
ni balbu, ni feni, ni chaja ya simu.
Baba akisema stima ilikuwa makaa, maji,
na chuma kinachopumua
chini ya sitaha ya tagi Nyangumi,
Kilindini, zamu ya saa sita hadi saa kumi.

Hakuwa nahodha. Hana picha na kofia.
Mwijaa wa Mwinyihaji, mtia mafuta:
kopo la mdomo mrefu mkono wa kulia,
tambara shingoni,
na mkono wa kushoto, huo ndio uliokuwa cheo chake.

Maana beringi haiulizwi kwa macho.
Krenki yazunguka mara themanini kwa dakika
nawe waingiza mkono pale pale inapopita,
waisindikiza, waigusa kwa mgongo wa vidole, watoka
kabla haijarudi kuudai.
Vuguvugu, endelea. Moto, mwite fundi.
Ukisita, mkono si wako.
Fundi Demelo alikuwa na vidole vinane na hesabu safi.

Nyumbani Kuze alitupima homa vivyo hivyo,
mgongo wa vidole kwenye paji la uso, kupita tu, asikawie.
"Joto la kazi hili," humwambia mama. "Hajaungua."
Nami nikaenda chuoni na homa yangu.

Mvuke alinifundisha kwa majani ya chai:
silinda ndogo hunywa ya kwanza, kali;
ya kati hupewa machicha;
kubwa, maskini, hupata rangi tu, na bado husukuma.
Mwisho wa mwezi mama alipika hivyo.
Na boila, akasema, ni kama binadamu:
bahari yote imelizunguka na haliwezi kuinywa.
Chumvi ikipenya, ukoko huota ndani kimya kimya
hadi siku bomba lipasuke, nanyi mseme ni ghafla.

Kioo cha maji alikifanyia ubeti, nikaukariri kabla ya jedwali la saba:

Kioo sikiamini
fungua bomba la chini
mvuke wende hewani
kisha ngoja maji yaje.

Yakija upesi, ni kweli.
Yakijikokota, tundu limeziba,
na unachokitazama ni maji ya jana.

Sasa yuko Makadara, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Nyangumi iliuzwa kwa kilo, vyuma chakavu.
Jina langu limemtoka; aniita Demelo.
Tangu asubuhi anaitazama chupa ya dripu.
"Maji yamefika nusu. Umekipuliza kioo?"
Nikasema nimekipuliza,
nikaona haya kama niliyedanganya kazini.

Saa nne usiku feni ikajikokota, ikasimama.
Wodi ikaguna. Muuguzi akapaza sauti gizani:
"Stima imepotea!"

Na baba yangu, ambaye siku tisa hakuinua kijiko,
akaketi.
Akashusha miguu sakafuni. Akasikiliza.
"Imepotea vipi? Nani yuko tanuri la pili?
Chokoeni jivu! Tieni kidogo kidogo,
msiuzime moto kwa pupa,
kuna meli nzima kwenye kamba yetu!"

Kimya.
Kisha kitanda cha pili, dereva wa lori wa Changamwe,
mguu wake umening'inizwa kwa mawe, akajibu:
"Tunatia, mzee."
Na mwingine, mbali, karibu na mlango: "Tunatia."

Nje jenereta likakohoa mara mbili, likashika.
Taa zikarudi. Baba akaitazama feni ikianza mzunguko,
mkono wa kushoto ukapanda hewani, ukangoja mpigo,
ukaingia,
ukagusa kitu,
ukatoka na vidole vyake vyote.
"Vuguvugu," akasema, akalala.

Nikamgusa paji la uso kwa mgongo wa vidole.
Yeye angepita tu.
Mimi nilikawia.