Deni la Mlima

Mama mkwe wangu, Nha Zulmira, hana daftari.
Hesabu zake zipo ubavuni mwa pipa, kwa mkaa:
kitanda, meza iliyotoka Amerika kwa meli,
cherehani, kuku kumi na mmoja,
jiko pamoja na masizi yake.
Haya yote mlima unadaiwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alikuja Novemba, mwenyeji akahama.
Hakukimbia. Alitambaa,
ukuta mweusi wenye kimo cha nyumba,
akisaga, akiguna, akidondosha makaa mlangoni mwa watu.
Tulikuwa na muda, na hilo ndilo lililouma:
muda wa kuchagua.
Mimi nilishika godoro.
Akasema, Weka chini.

Tukaviringisha pipa hadi kwenye pikapu ya Adérito.
Njia nzima nililikumbatia kama mgonjwa
nikilisikia tumboni likinong'ona,
kwani zabibu za mwaka ule zilikawia,
hazijamaliza kuchacha.
Nyuma yetu paa la jikoni liliinama
kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Mnunuzi kutoka Lisboa alizungusha glasi,
akanusa, akakunja uso.
Ina kasoro, alisema.
Nha akajifuta mikono kwa aproni.
Iliamshwa usiku wa manane, bwana.
Wewe ukiamshwa hivyo, kinywa chako hunukia waridi?

Tulirudi kabla mawe hayajapoa.
Huku mzabibu hausimami, hulala chini
kila mmoja ndani ya shimo lake la majivu,
na usiku ukungu huja kuunywesha kwa kijiko.
Udongo huu haushiki maji, haushiki hata mguu,
unaingia kwenye viatu, kwenye mchele, kwenye shuka.
Ukichimba kiwiko kizima unakuta joto,
na mizizi imekwisha kulifikia.

Pipani hatutii sukari, hatutii hamira,
hatutii unga wowote wa duka.
Ni ngozi, mbegu, vikonyo, nyayo zetu,
na lile vumbi jeupe linalokaa juu ya zabibu
ambalo mvua haijalioga,
maana mvua haijaja.
Vumbi hilo ndilo linalojua kazi.
Sisi tunafunika, tunasubiri, tunagombana kuhusu kifuniko.

Wekundu wake ni wa goti lililochubuka.
Ukimeza, chumvi hutangulia,
kisha njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi,
kisha, ukiwa na subira,
tunda.

Kila mavuno Nha hulowesha kidole kwa divai
akapunguza deni.
Meza imefutika. Cherehani pia.
Mstari mmoja hajawahi kuugusa,
wa chini kabisa, ulioandikwa kwa mkono mdogo:
fremu ya mlango wa jikoni,
alipowapimia wanawe urefu kwa ncha ya kisu.
Alama ya juu ni ya Ivandro, mume wangu,
siku alipolipita bega la mama yake.
Sasa yuko Roterdamu, anapakua makontena,
husahau kupiga simu.

Nilimwuliza, Hiyo ni lita ngapi, Nha?
Akagongomea kizibo mara tatu,
ya tatu haikuhitajika.

Mwaka huu amefuta kuku wawili.