Hodi ya Tatu

Mama yumo edani, siku ya sitini na moja,
na duka letu la halua hapa Wete analiona kwa simu tu,
kwenye tovuti niliyomtengenezea Baba mwaka juzi,
naye akacheka: "Nani atanunua halua asiyoinusa?"

"Mkasi, n'ambie. Hili duka la kwenye kioo limekaa wapi?
Maana la huku chini nasikia mwiko ukigonga sufuria.
Hili halina hata moshi."

Limekaa kwenye seva, Mama,
kompyuta isiyolala, katika chumba cha baridi, nchi nisiyoijua,
na mwenye chumba hajui iliki ni kitu gani.
Ukigusa kwa kidole, kivinjari kinapiga hodi.
Hodi inapanda mnara, inashuka kwenye mkongo chini ya bahari,
inafika, inaitikiwa karibu,
na hiyo karibu hairudi nzima:
hukatwa vipande kama tukatavyo ratili,
kila kipande na namba yake, kila kimoja na njia yake,
cha tisa humtangulia wa pili,
kikipotea kimoja huagizwa tena,
kisha vyote hupangwa humo kiganjani mwako
hujamaliza kusema bismillahi.

"Na nyumba wanaijuaje?"

Kama walivyomjua Baba.
Nani Wete anajua namba ya nyumba hii?
Mtu hushuka garini, akauliza kwa Faki Halua,
akaelekezwa kwa mdomo.
Jina ni la watu. Mashine hutaka namba,
basi yapo madaftari duniani, kazi yao kujibu tu:
jina hili, namba hii.
Nalo jina hukodiwa, Mama, kwa mwaka.
Baba alilipa mpaka Juni.

Akanyamaza. Chini, Shaame akakoroga.

"Na hizi kuki wanazoniuliza kila saa, nikubali?"
Si za kula. Ni kumbukumbu ya muuzaji:
huyu ndiye yule wa juzi, alichukua ya lozi.
"Baba yako hakuandika hayo popote."
Hakuandika.

Usiku niliufungua ukurasa ukiwa mtupu,
bila rangi, bila picha ya sufuria ya shaba,
alama za pembe kushoto, alama za pembe kulia
(kila kilichofunguliwa sharti kifungwe,
usipokifunga, vya chini yake vyote vinapinda)
na kwenye mstari wa arobaini na mbili:
Piga simu, Faki Asaa, na namba yake.

Simu yenyewe imo kabatini, imezimwa, ndani ya kikoi.
Watu bado wanapiga. Hodi. Hodi. Hodi.
Tumefundishwa, ya tatu usipojibiwa, rudi.
Hata kompyuta zinaijua adabu hiyo:
zinangoja sekunde zilizopangiwa,
kisha zinaondoka bila kinyongo.

Nikaufuta mstari.
Nikaandika Time binti Kombo, na namba ya dukani.
Nikapandisha.

Asubuhi akaniita. "Umesema umemtoa. Mbona bado yupo?"

Kwangu hayupo. Kwake yupo.
Simu yake ilijiwekea nakala ya zamani
isihangaike kwenda mbali kila mara kwa kitu ikijuacho.
Dawa yake ni kugusa mara moja, hata kope haijapepesa.
Ninapajua pa kugusa.
Nilikuwa na samli mikononi, nikasema ni hiyo samli.
"Mtandao mzito leo, Mama. Itabadilika yenyewe."
"Aa, usiisukume," akasema, akaigeuza simu kifudifudi mkekani,
taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

Adhuhuri likaingia agizo, la kwanza tangu msiba:
ratili nne, ya lozi, Mombasa,
mtu asiyetujua, asiyejua, aliyeona picha akagusa.
Nikamsomea Mama nikiwa kizingitini.

"Kikapu au bati?"
Hakusema.
"Basi muulize. Bati inatoa jasho njiani."
Nikageuka kushuka.
"Na Mkasi,
hiyo Juni ni shilingi ngapi?"