Maji Yamepunguza Sauti

Sikuamshwa na kelele. Niliamshwa na upungufu wake.
Banda letu la Bangwe halijui kimya:
matangi arobaini na mawili, kila moja na mporomoko wake,
nami godoroni kati ya katoni za kusafirishia
nayasikia kama mpishi asikiavyo sufuria
bila kuinua kifuniko.
Saa tisa usiku, mstari wa tatu ukaanza kunong'ona.

Tochi. Mdomo wa bomba,
jana ukitema maji ya unene wa dole gumba,
sasa watoa uzi, mkojo wa mzee mwenye tezi.
Samaki wamepanda juu, midomo wazi,
wale wa milia ya njano, waliokwishalipiwa,
wana ndege keshokutwa, hawana habari.

Ntahondi alinifunza: usianze kwa kufungua. Anza kwa kugusa.
Nikaigusa pampu. Ina joto, yatetemeka, haijafa.
Nikaweka ncha ya bisibisi mgongoni mwake, mpini sikioni:
ilitafuna kama atafunaye wali wenye mchanga.
Umeme? Balbu nyeupe, haijageuka chungwa.
Mpira? Nikaupapasa wote kwa kiganja. Haujajikunja popote.
Basi ni ndani.

Nikachomoa waya, nikafunga koki ya juu
(mwaka jana niliisahau;
ziwa dogo likashuka sakafuni na mshahara wa wiki mbili).
Skrubu nne. Kifuniko. Sumaku na mapanga yake.
Chokaa!
Maji ya Tanganyika ni matamu mdomoni
lakini kila yapitapo huandika kwa chokaa:
ndani ya birika la Mwavita, kwenye meno ya pampu.
Nikayalaza mapanga katika siki ya kachumbari,
yakatoa vijipovu, nikayasugua kwa mswaki wangu mwenyewe
(nitanunua mwingine, Mwavita asiulize).

Nikawasha. Maji yakaja mazito, yenye fahari.
Nikasema alhamdulillahi.
Chai haijapoa, uzi tena.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafungua mahakama.
Nikamshtaki aliyeiunda pampu huko alikoiunda,
nikamshtaki fundi wa umeme,
nikamshtaki Mama Sikujua na ubahili wake wa vipuri.
Wote walipita kizimbani
isipokuwa aliyekalia ndoo.

Chujio.
Juma lililopita nililing'oa mwenyewe,
nimechoka kulikamua kila asubuhi.
Nilisema: maji ni safi, yatapita tu.

Nikazamisha mkono hadi kwapani katika tangi la chini,
kidole kikaingia kinywani mwa bomba, kikafika kwenye kiwiko,
kikagusa kitu kigumu, cha mviringo.
Pampu ikizimwa, chenyewe hurudi nyuma kwa adabu;
ikivuta, husogea kuziba,
na kadiri ivutavyo kwa nguvu ndivyo kizibavyo vizuri.
Nikakinasa kwa waya wa hanga.

Kombe la konokono, tupu.
Si tupu. Mna mkia.
Samaki wa urefu wa ukucha, mmoja wa wale wapangaji wa makombe,
yumo nyumbani kwake, mapezi yamesimama,
tayari kupigana nami kwa ajili ya chumba kimoja.

Sijui alidondoka siku gani,
wala alikula nini humo gizani
mto wa mashine ukimpita mlangoni.
Nikampandisha mstari wa tatu, kombe na mwenyewe.
Chujio nikalirudisha, nikalikaza kwa mikanda miwili, kisha wa tatu.
Maji yakapandisha sauti.

Daftari la zamu lina safu ya *Sababu*.
Nikaandika: chokaa. Nikaikata.
Nikaandika: konokono. Nikaikata.
Kalamu ilikuwa bado hewani
Mama Sikujua alipoingia saa moja kamili,
akasimama mlangoni, akanusa,
akauliza nani alikuwa akila kachumbari humu.