Saa Tano

"Nina saa tano," ulisema gatini
kwa Kiswahili ulichojifunza kitandani, Valparaiso,
nami nikatazama mkononi: saa tatu na robo.
Nikadhani umekosea majira.
Kumbe hukutaja wakati; ulitaja akiba.

Karatasi yako ilikunjwa mara nne.
Mambo kumi na moja, kwa wino wa kijani:
ngome, siwa, punda, milango,
halafu namba tisa: kupotea kidogo.
Hiyo, Ximena, haina kiingilio.
Vichochoro vyetu vitakufanyia bure.

Ngomeni ulipanda juu ukatafuta milima.
Ukanieleza mji wenu: nyumba zimening'inia magengeni,
na vibanda vya bati vinavyovutwa kwa kamba
kupandisha watu na vikapu vya nyanya.
Nikasema, basi mji wenu umesimama,
wetu umelala ubavu.
Ukaandika. Sijui uliandika nini.

Makumbusho: siwa ndani ya kioo.
Miaka tisa nawasomea wageni habari zake,
hakuna aliyewahi kuuliza, "Inaliaje?"
Nikakunja midomo, nikavimbisha mashavu,
nikatoa sauti ya ng'ombe aliyekosa maji.
Bawabu Athmani akaangusha funguo kwa kicheko.
Nje punda walipita na mizigo ya mawe,
ukawapisha kwa adabu, kama wazee msibani.

Kisha Mkomani.
Kuna mlango siku zote naupita mbio.
"Huu si kitu," nikakwambia, "mzuri uko mbele,"
nawe ndipo ukasimama, kidole chini ya nakshi,
penye mkwaruzo wa msumari.
"Hii nini?"
Hiyo ni Bwanaheri, kaka yangu, alipotimiza miaka saba:
urefu wake siku ile, na kofi alilopata.

Sikukwambia. Sasa ni hoteli.
Iliuzwa mwaka wa figo za baba,
safari za Mombasa zisizokwisha,
kuta zikaingia sindanoni, chumba baada ya chumba.
Kijana wa mapokezi, mgeni wa mji, akauliza, "Wawili?"
Nawe ukalipa wawili.
Mia tano kwa kichwa, kahawa ndani yake.

Hivyo niliingia kwetu.
Dakani nikavua viatu; kijana akasema si lazima.
Zidaka za mama, alimoficha risiti na halua ya Idi,
zina sabuni ndogo ndogo zilizofungwa utepe.
Ukasoma ubaoni kwa sauti, neno kwa neno:
"Nyumba ya tajiri wa pembe na ambari."
Baba alikuwa karani wa posta.
"Ni kweli?" ukaniuliza, maana mimi ndiye mwenye beji.
Nikasema: ndivyo ilivyoandikwa.

Lakini birika la chooni halikuguswa.
Nikainama, nikatia mkono hadi kiwikoni,
na samaki wale wadogo, wala viluwiluwi vya mbu,
au wajukuu wa wajukuu wao,
wakaja kunidonoa kucha
kama mdeni aliyeadimika.
Nilikaa pale. Kahawa yako ikapoa, na yangu.
Adhana ya adhuhuri ilipita juu ya paa.
Hukutazama saa.

Tulirudi gatini mbio, nahodha wa boti ya Manda akifoka.
Shela hukuiona. Riyadha hukuiona.
Ulitaka kuitia alama karatasi, kalamu ikagoma,
ukaniachia vyote viwili,
ukaondoka na mambo manne katika kumi na moja
na vumbi la chokaa begani.

Usiku, nikihesabu pesa za siku,
nilikuta tiketi mfukoni.
Nyuma imeandikwa, kwa herufi ndogo:
Haitumiki mara ya pili.