Damu Haijui Saa

Ngwali Shaame wa Konde kaja na mamaake.
Kakaa ukingoni mwa benchi, kakunja mkono wa fulana,
kanipa kiganja chenye harufu ya kibanda chake:
meza, faneli, chupa za maji za lita na nusu
zilizojaa manjano isiyonyweka.

Namsomea hojaji, swali la kumi na moja:
Je, huvuta petroli kwa mdomo, kwa mpira?
Ananitazama. Anamtazama mamaake.
"Mimi? Hata! Nina pampu."
Naandika: ana pampu.

Kisha namfunga mpira mwengine, huu wa mkononi,
nagonga mshipa kwa kidole, naomba radhi, nachoma.

Nimefundishwa hivi, nami naamini:
mkojo ni mgeni wa siku mbili,
hata jembe haungoji.
Hemoglobini ni mkaazi.
Benzini ikishapita mapafuni, ini huivunja,
na vipande vyake vyenye ncha hunasa kwenye protini
kama utomvu wa mgomba kwenye kanzu ya Idi:
fua, anika, fua tena,
upo.

Chembe nyekundu huishi siku mia na ishirini.
Leo tunaumaliza Mfunguo Mosi.
Basi chembe kongwe ndani ya kichupa hiki
imezaliwa Rajabu ikiandama,
imeivuka Shaabani,
imefunga yote thelathini.

Namweleza haya, na rangi inamtoka.
Anangoja mamaake ainuke kuulizia choo.
"Yaani na Ramadhani imo?"
Imo.
"Na mchana wake?"

Swali hilo halimo katika kitabu nilichosomea.

Pampu ilikufa, ananong'ona, kumi la kati.
Bodaboda watatu wanapiga honi, jua la saa nane.
Akavuta. Akatema. Akasukutua, akatema tena,
akakaa mpaka magharibi hakumeza hata mate,
akimwogopa Mungu
na, kwa sauti ndogo zaidi, akimwogopa mamaake.

Nikamwambia: damu haijui saa.
Haitofautishi daku na adhuhuri.
Itanipa kiasi; haitanipa siku,
wala honi, wala jua, wala deni la mchele dukani.
Mambo ya saumu kamuulize anayeyajua.
Mimi nina mizani tu,
nayo haiko hata hapa Pemba.

Swali la kumi na moja nikalikata mstari,
nikaandika upya: mara kwa mara.

Vichupa vikalazwa kwenye barafu, vikapanda ndege.
Majibu yakarudi Mfunguo Tatu.
Nambari thelathini na moja, Ngwali: juu, tulivyodhani.
Nambari hamsini na nane ni ya kulinganishia,
mtu safi, asiyeuza wala kugusa petroli,
wa ofisini, asiyevuta sigara, mikono sabuni.
Nusu ya Ngwali.
Nusu!
Nikasoma mstari ule mara tatu, kwa rula.
Hamsini na nane ni mimi.

Nyumbani nikasimama ukumbini na mkoba begani.
Nyuma ya mlango, ubavuni mwa mtungi wa kunywa,
madumu mawili ya kaka yangu Mbarouk.
"Nayaweka tu, dada, kibanda hakina kufuli."
Alisema hivyo mwaka jana.
Juma la kwanza nilifungua madirisha.
La pili nilichoma udi.
Baada ya hapo pua ilizoea, nikaiita afya.

Yako uani sasa, chini ya gunia.
Mbarouk kanuna, anasema yataibiwa,
na huenda yakaibiwa kweli.
Ngwali kachukua pampu ya mkopo; inavuja mpini.

Tumepeana miadi, Mfunguo Saba,
chembe hizi zote zitakapokuwa zimekufa
na nyengine zimekalia viti vyao.
Mikono miwili, benchi moja.
Hojaji nitaishika mimi,
na nikifika la kumi na moja
nitamgeuzia karatasi aniulize yeye.