Kifuniko

Linazimika likitembea.
Si asubuhi uani, si kwenye foleni ya sheli:
linazimika likishapita Pongwe, gia ya nne,
wakati mtu ameanza kuliamini.

Kwanza linakohoa, kama mtoto aliyepaliwa na uji.
Taa nyekundu ya betri inawaka
na ninachosikia ni matairi tu,
na vyuma vya cherehani vikigongana kwenye buti.

Nasogea pembeni. Nafungua boneti,
maana wapita njia wanatazama.
Naiangalia injini. Nayo inaniangalia.
Nakaa juu ya jiwe, namenya chungwa, namenya la pili.
Nawasha: linawaka papo hapo,
pole, kana kwamba mimi ndiye niliyesinzia.

Waja leo waondoka leo, ndiyo sifa ya Tanga.
Mimi naondoka leo, nafika kesho.

Fundi wa Kange alisema plagi. Nikanunua plagi.
Wa Mabanda ya Papa alisema platini,
akazisugua kwa msasa wa kucha za mkewe.
Wa Mikanjuni aliinamia kabureta
akasema petroli ya siku hizi ina maji,
na watu wa siku hizi vilevile.
Shemeji yangu Tatuu aliuliza:
aliyekuuzia, alilia wakati wa kukabidhi funguo?
Akanipa ndimu saba niweke chini ya kiti.
Nikaweka. Likazimika, likinukia ndimu.

Fundi Mwatumu yuko Barabara ya Ishirini,
nyuma ya mashine ya kusaga. Hakushika spana.
Alikalia ndoo ya grisi, akatafuna muwa,
akanihoji kama mkunga:
Linakata ghafla au linafifia?
Baada ya kilomita ngapi?
Na tangi lilikuwa na kiasi gani?

Nikasema, hapo ndipo panaponishangaza.
Nikitia ya elfu kumi, nafika Muheza salama.
Nikijaza, siioni Mkanyageni.

Akaacha kutafuna.
"Rudia."

Nikarudia.

"Lenye njaa linafika," akasema, "lililoshiba linafia njiani."
Akatema kapi la muwa.
"Twende. Jaza."

Likakohoa palepale pa siku zote.
Hakufungua boneti. Alizunguka nyuma,
akakamata kifuniko cha tangi kwa mikono miwili,
akakinyonga,
na gari likavuta pumzi.

Fyuuuu.
Refu, la ndani,
kama la mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

"Injini inakunywa," akasema.
"Kila funda likitoka, hewa ishike nafasi yake.
Hiki kilikuwa na kitundu cha kupumulia. Kimekwenda wapi?"

Nikanyamaza,
kwa kuwa nilijua.
Mwaka jana waliponinyonya lita kumi na mbili usiku, pale Duga,
nilikata mpira wa tyubu kwa mkasi wangu wa kazi,
duara safi, nikaubandika ndani ya kifuniko,
na kitundu, kwa kuwa kilinikera,
nikakiziba kwa gundi na skrubu ya cherehani.
Niliwaonyesha watu. Nilisema: hapa hatoki hata mbu.
Mimi, fundi wa Singa miaka kumi na tisa,
ninayewagombeza wateja kila siku:
usikaze uzi hivyo, utakatika.

Akaubandua mpira. Akaing'oa skrubu
akanirudishia kiganjani, bila neno.
"Sindano unayo?"
Nikampa namba kumi na nane, ya jinzi.
Akazibua gundi, akapuliza,
akakiinua kifuniko juani, akafumba jicho moja.

Elfu tatu.
Wale watatu walikula laki na themanini.
Nikamwongezea ndimu.

Jumatano nilijaza tena, nikaenda Muheza peke yangu.
Kwenye jiwe langu maganda yalikuwepo bado,
meusi ya zamani, ya manjano ya juzi.
Sikusimama.