Ukaguzi wa Kitunguu

Kazi yangu ni reli.
Nina kipande changu, cha kutoka Tabora kuelekea Usoke,
nakipita kwa mguu, taruma kwa taruma,
nikigonga nati kwa nyundo na kusikiliza:
inayolia *ti* ni nzima,
inayolia *to* ina neno.

Kwa hiyo Mihayo aliporudi likizo na zulia la mishale minne,
waya wake akauchomeka mgongoni mwa televisheni,
wote waligeuka wakanitazama mimi.
"Baba akague kwanza," alisema shemeji Tatu.
"Huwezi jua watoto wanaletewa nini siku hizi."

Nikavaa miwani. Nikaketi.

Kikatokea kitunguu.
Kitunguu maji, chekundu, kimevaa raba za kijani
na masharubu ya karani wa zamani.
Kazi yake kucheza; yako kukanyaga mshale kinaouonyesha
ngoma inapogonga, si kabla, si baada.
Ukipatia, kinavua ganda.

"Kinavua nguo!" Shemeji akamziba Kashindye macho.
Tukangoja, kiganja usoni mwa mtoto.
Ganda likaanguka: chini yake, kitunguu.
Kikavua tena. Kitunguu.
Mara ya tano shemeji akaondoa mkono mwenyewe,
kwa kuchoka.

Nikaandika nyuma ya fomu ya kazini:
Damu, hakuna. Matusi, hakuna.
Bunduki, moja, inatema unga wa ngano.
Uchi, haujafikiwa.

Ukikosea, hakikucheki.
Kinakaa chini, kinalia,
na machozi yake yanakutoa machozi wewe,
sijui kwa nini, labda ni mazoea ya jikoni.

Nilijaribu. Nikashindwa vibaya.
Miaka ishirini na miwili nakanyaga mataruma
yaliyopangwa sawasawa na watu waliokwisha kufa;
mguu wangu haujui kungoja, haujui kurukia.
Kashindye, miaka saba, akanishika suruali:
"Baba, unatembea. Cheza."

Sasa hapa ripoti inafika penye kona.
Mimi na Nyamizi tulikuwa siku ya kumi na moja
bila neno. Ni magunia mawili ya karanga
na ndugu yangu aliyeahidi kulipa; mengine siyaandiki.
Hata chumvi ilipitia kwa watoto:
Mwambie baba yako. Mwambie mama yako.

Hatua ya sita inataka miguu minne
ya watu wawili wenye kilo zao.
Mihayo akajifanya anatafuta kitu chini ya kochi.
Nyamizi akavua kandambili,
akasimama kulia kwangu, macho kwenye kioo.

Mshale. Nikakanyaga vidole vyake.
Kitunguu kikakaa chini.
Tena. Kiwiko changu, bega lake.
Kikalia kwa kwikwi, masharubu yamelowa chepechepe.

"Kushoto," akasema.

Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imenyamaza,
au ni mimi niliyeacha kuisikia.
"Kushoto kwangu," nikauliza, "au kwako?"

"Tumeelekea upande mmoja, Baba Mihayo.
Kushoto ni kule kule."

Hatukufika hatua ya saba.
Karanga hazijalipwa hadi leo.

Naandika kwa mkono wangu:
mchezo unafaa kwa familia, uzimwe saa tatu usiku,
maana mpangaji wa chumba cha uani anaamkia zamu.
Kona moja ya zulia inateleza, nimeigandishia kipande cha tairi.
Shemeji Tatu asicheze baada ya kula.

Usiku ule niliamka.
Upande wa ukutani wa kitanda ulikuwa mtupu, una joto,
na kutoka sebuleni, televisheni imezimwa,
nyayo tupu juu ya sakafu:
kushoto, kushoto, kulia,
si kabla, si baada.

Nilisikiliza kama ninavyosikiliza nati.
Sikuinuka kukagua.